Yangeyange wa Jua la Utosi

Mji wa Garissa una tabia moja ambayo mgeni huchukua muda kuizoea: baada ya swala ya adhuhuri, unafunga. Milango ya mabati inashushwa, akina mama wa maziwa ya ngamia wanafunika madumu yao kwa matambara na kujinyoosha pembeni, na hata mbuzi wanaozurura barabarani huwahi kivuli bila kugombana. Mwenye akili timamu hulala mpaka alasiri. Kowsar Nunow, mpiga picha, alikuwa hajalala saa hizo kwa miaka. Saa hizo ndizo alizoshuka mtoni na kamera yake kuwapiga picha ndege wa majini.

Majirani wa mtaa wa Waberi walimwona akipita na jilbabu lake jeusi, kamera imeviringishwa kwenye mtandio isiingie vumbi, wakatikisa vichwa. "Huyu jua litamkausha ubongo," alisema Maka, jirani wa ukuta kwa ukuta, na Maka si mtu wa kusema jambo mara moja akaona limetosha.

Lakini angeenda saa ngapi? Alfajiri ilikuwa ya mama yake, Bi Fatumo, wa kutiliwa maji ya udhu, kupikiwa mkate wa anjera na kushikwa mkono mpaka barazani, kwa maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Asubuhi na jioni zilikuwa za studio: chumba kimoja karibu na soko, kigoda, taa mbili na shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani. Hapo walikaa watu wa kila namna kupigwa picha za vitambulisho na pasipoti, mwalimu aliyetoka bara, mfanyabiashara wa kambi ya wakimbizi ya Ifo, kijana anayetafuta kazi, na wote aliwaambia maneno yale yale: inua kidevu, usicheke. Saa pekee isiyo na mwenyewe ilikuwa ile ya jua la utosi, basi akaichukua yeye.

Kamera aliinunua kwa Mwalimu Gitau alipohamishwa kurudi kwao. Gitau alimwachia pamoja nayo onyo moja: asipige picha mchana kati, maana jua la wakati huo linaharibu kila kitu. Na kweli, picha za kwanza za Kowsar zilikuwa aibu tupu. Kivuli cheusi ti kilimkaa ndege tumboni, maji yalimeremeta vipande vipande, na ukingo wa pili wa mto Tana ulijaa vichaka vya mathenge, miti ya miiba isiyo na heshima. Alirudi nyumbani siku baada ya siku na kichwa kikimwanga, hana hata picha moja ya kumwonyesha adui.

Mpaka siku moja hasira zikampanda, akaacha kupigana na jua. Akaifungulia kamera mwanga mwingi kupita ilivyotaka, vile anavyofanya studio ili shuka lionekane jeupe pe bila mkunjo. Maji yakayeyuka. Mbingu ikayeyuka. Mathenge ya ng'ambo yakapotea yote, na ndege akabaki amesimama peke yake katikati ya weupe kama mtu aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho. Kowsar alicheka mwenyewe pale chini ya mti, na kama kungekuwa na mtu karibu, angempelekea Maka habari kwamba ubongo umeshakauka.

Tangu hapo alijua anachokitafuta. Aliyempenda zaidi alikuwa yangeyange, yule ndege mweupe mwenye shingo ndefu anayevizia samaki kwenye maji mafupi. Ndege huyu ni mtihani mgumu, maana mweupe juu ya weupe humezwa. Ukitia mwanga kidogo mno, picha inakuwa ya kijivu kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya mto. Ukiuzidisha, unabaki na karatasi tupu. Kowsar alitaka pale katikati: mwili wote uliwe na jua, libaki jicho, mdomo mweusi, na miguu miwili myembamba ikisimama wima. Anayeangalia amtafute ndege mwenyewe, na akimpata, asimsahau. Siku alipoipata picha hiyo, aliichapisha kwa ukubwa kwenye karatasi pana.

Picha hizo hazikufika nyumbani. Bi Fatumo alikuwa na msimamo wake, na wenye msimamo huo pale mtaani ni wengi: picha ya kitambulisho ni dharura, Mungu anajua, lakini picha ya kiumbe chenye roho haitundikwi katika nyumba inayosaliwa. Malaika hawaingii. Kowsar hakubishana naye. Aliziweka studio, nyuma ya shuka.

Lililomkosesha Kowsar usingizi lilikuwa jambo lingine. Ule ukungu katika macho ya mama yake ulikuwa mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutibika. Kila mwaka madaktari wa macho hupiga kambi Garissa na kupasua watu bure, na kila mwaka Bi Fatumo alikataa. Maka ndiye aliyemtia hofu. Maka alikuwa na binamu kule Habaswein aliyepasuliwa jicho, na kila alipoisimulia habari ile jicho lilizidi kuharibika. Mara ya mwisho lilikuwa limepasuka kama yai. "Nimeona ya kutosha," Bi Fatumo husema, akakata kauli. Kowsar alimbembeleza, akamnunia, akalia. Alikuwa akimwona mama yake akizama gizani taratibu huku kamba ya kumvuta ipo.

Basi wiki ile ya upepo, vumbi lilipoingia studio hata nyuma ya shuka, Kowsar aliivunja kanuni yake. Aliichukua ile picha kubwa ya yangeyange, akaipeleka nyumbani mchana mama yake akiwa amelala, akaitandaza juu ya mkeka karibu na mlango ili inyooke. Akaenda jikoni kugeuza anjera. Alikusudia kuificha kabla mama yake hajaamka.

"Kowsar!"

Alitoka mbio na upawa mkononi. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, uso kuelekea uani, karatasi imekaribia kumgusa pua. Jua la mchana lilikuwa limeimwagikia karatasi yote.

"Nani ameandika hii?" aliuliza Bi Fatumo. Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Naona. Wallahi naona, Kowsar! Alifu hii hapa. Na alifu nyingine. Na hapa juu pana nukta."

Kidole chake kilipita taratibu juu ya mguu mmoja wa ndege, kikapita juu ya mguu wa pili, kikapanda na kutua juu ya jicho.

Utotoni mwake, kabla hajakabidhiwa mbuzi wa kuchunga, Bi Fatumo alisoma duksi, chuo cha Kurani, akiandika kwa wino wa makaa juu ya ubao. Mistari myeusi juu ya mbao nyeupe: hayo ndiyo maandishi aliyoyajua maishani, na hakuna mengine yaliyomjia akilini alipoiona ile karatasi. Alikuwa hajaona kitu chochote kwenye karatasi kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yakimtiririka hata kwenye kidevu.

Kowsar alifungua kinywa. Neno lilikuwa moja tu, yangeyange, na lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini aliutazama uso wa mama yake, akalimeza.

"Ni aya gani?" Bi Fatumo aliuliza, kisha akainua kiganja. "La, usiniambie. Tafuta msumari."

Ndivyo yangeyange alivyopanda ukutani, upande wa kibla, katika nyumba ambayo haijawahi kuwa na picha hata ya kalenda. Kila baada ya swala Bi Fatumo alinyoosha mkono, akaipapasa karatasi, akajipangusa uso kwa kiganja kile kile. Na kila alipofanya hivyo Kowsar alihisi kama amekanyaga mwiba.

Maka alikuja kuazima chumvi, akasimama mbele ya ukuta. Akaukunja uso, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia. Kisha akamfuata Kowsar jikoni, akanong'ona: "Abaayo, dada yangu, hii aya yako mbona ina vidole?" Kowsar alimshika mkono na kumsihi. Maka alicheka mpaka akakaa chini, akaapa kwamba hatasema, na kwa Maka kunyamaza ni kama kufunga nje ya Ramadhani. Alinyamaza, lakini alianza kuja kuazima chumvi kila siku.

Kambi ya macho ilipofika, Kowsar hakuthubutu hata kuitaja. Mama yake ndiye aliyeitaja, akiwa barazani na kikombe chake cha chai ya maziwa.

"Kaniandikishe jina."

"Hooyo?" Kowsar alimwuliza mama yake, akidhani hakusikia vizuri.

"Nataka kuisoma ile aya. Nimeigusa vya kutosha. Mungu ameniletea maandiko nyumbani kwangu, na mimi naogopa kisu?"

Miaka yote ya kubembeleza, na leo miguu miwili ya ndege imefaulu. Kowsar alipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake alianza kupima pande mbili. Akinyamaza, mama yake atapona macho, na kitu cha kwanza atakachokiona kwa macho hayo ni jinsi mwanawe alivyomchezea. Akisema, mama yake atarudi barazani, na giza litamaliza kazi yake. Alipiga moyo konde, akaamua kunyamaza. Macho kwanza, alijiambia. Fedheha itafuata.

Siku ya kupimwa walikaa kwenye benchi chini ya hema, kati ya wazee wachunga ng'ombe na vikongwe waliokuja kwa malori. Muuguzi aliyewashughulikia aliitwa Mutanu, mwanamke wa Ukambani mwenye sauti ya kutuliza, na pamoja naye mazungumzo yakawa ya Kiswahili.

"Mama, daktari amesema jicho la kulia limeiva, tusingoje tena. Unakubali mwenyewe tukupasue? Hakuna mtu amekulazimisha?"

"Hakuna mtu," alijibu Bi Fatumo kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nakubali. Iko aya kwa ukuta ya nyumba yangu. Hii msichana yangu ameniletea. Mimi nataka kusoma yeye kabla ya kufa, bas."

Mutanu alimtazama Kowsar, akatabasamu. "Umemfanyia mama jambo kubwa."

Kowsar angeweza kulivumilia lolote ila tabasamu lile. Akamgeukia mama yake na kusema kwa Kisomali, haraka haraka, kabla ujasiri haujamtoka: "Hooyo, si aya. Ni ndege. Ni picha niliyoipiga mtoni. Ulidhani ni maandishi, nami nikanyamaza."

Mkono wa Bi Fatumo ulipanda polepole mpaka usoni, mahali alipokuwa akijipangusa kila baada ya swala, ukakaa hapo. "Astaghfirullah," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akalitafuta bega la mwanawe, akalishika ili apate kusimama, akaliachia mara moja.

"Nirudishe nyumbani."

"Kesho ndiyo siku yetu ya mwisho ya kupasua," Mutanu aliwaambia, ingawa hakujua kilichosemwa. Kowsar aliitikia kwa kichwa. Njia nzima alitembea hatua moja mbele ya mama yake ili mama ahisi kivuli chake, kwa kuwa kushikwa mkono mama alikataa.

Nyumbani Bi Fatumo aliingia moja kwa moja, akaitoa karatasi ukutani, akakaa nayo chumbani. Adhuhuri ikaadhiniwa, akasali. Mji ukafunga. Kowsar alikaa uani ameshika tama, kamera imelala mkobani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakuwa na hamu ya kushuka mtoni. Alijiona mpumbavu mara mbili: amesema uongo kwa kunyamaza, kisha amesema kweli mahali pabaya kuliko pote.

Pazia la mlango likasogea. Mama yake alitoka na karatasi, akaja mpaka katikati ya uwanja, penye jua.

"Nionyeshe huyo ndege."

Kowsar alisimama nyuma yake, akakishika kidole chake. "Hii ni miguu. Huu ni mdomo. Hili ndilo jicho."

"Na mwili?"

"Ni yangeyange, hooyo. Mwili wake ni mweupe. Maji nayo yalikuwa meupe, na jua likamla. Yupo hapa, katikati."

"Nisipomwona ni kwa sababu ya macho yangu?"

"Hapana. Hata mwenye macho hamwoni mara moja. Nimempiga hivyo makusudi."

Bi Fatumo aliisogeza karatasi, akairudisha karibu. "Nilipokuwa mdogo, kule Lorian, walikuwa wengi. Mvua ikinyesha, kinamasi kinajaa, wanashuka kama nguo zilizoanguka kutoka kambani. Tukiwaona wakiruka kwenda upande mmoja, baba alijua maji yako wapi." Akaigusa miguu ya ndege kwa kidole. "Nilidhani ni mimi tu ninayeona hivi. Kila kitu cheupe, halafu mstari mweusi. Wewe una macho mazima na unakwenda kwenye jua kutafuta ugonjwa wangu?"

Kowsar hakuwahi kuliwaza jambo hilo, na sasa lilipotamkwa aliona ni kweli. Miaka yote ile chini ya mti wake wa mtoni alikuwa akiutafuta mwanga ule ule ambao mama yake anaishi ndani yake.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ulifurahi. Na baadaye ukakubali kupasuliwa. Niliogopa utakataa."

"Ningefumbua macho na kitu cha kwanza kuona kiwe uongo wako." Bi Fatumo alisema hivyo bila ukali. "Afadhali umesema. Yule aliye juu anajua nilikuwa nagusa nini moyoni mwangu, nitatubu kwake na yaishe. Lakini sikiliza. Wewe nawe nakuona kama huyu ndege. Mstari mweusi mrefu, umesimama mlangoni. Nakujua kwa hatua zako. Uso wako nimeusahau, Kowsar. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Kowsar alimkumbatia kwa nyuma, akalia waziwazi, na jasho na machozi vikalowesha shashi ya kichwani ya mama yake. Ukutani, upande wa pili, Maka alikohoa ili wajue kwamba hasikilizi.

"Kesho uniamshe mapema," alisema Bi Fatumo. "Si kwa ajili ya aya. Na huyo Maka aache kukohoa."

Walimpasua jicho la kulia. Asubuhi iliyofuata Mutanu aliibandua bandeji taratibu, akamwambia afumbue. Bi Fatumo alipepesa, akaangalia hema, akaangalia mikono yake mwenyewe na kushangaa ilivyokunjamana. Kisha akamwangalia Kowsar kwa muda mrefu sana.

"Umeungua," akasema. "Hilo jua limekufanya mweusi kama sufuria. Na nani alikuambia uache kula?" Huku akiyasema hayo alikuwa akiupapasa uso wa mwanawe, paji, mashavu, kidevu, kwa kiganja kile kile alichokuwa akiipapasia karatasi.

Nyumbani, kabla hata ya chai, aliitaka picha. Aliishika mbali, akaileta karibu, akaishika mbali tena. Kowsar alisimama kando, roho mkononi, kwa maana hapakuwa na mtu duniani ambaye alitaka aione kazi yake kuliko huyu. Kidole cha Bi Fatumo kilianzia kwenye mdomo. Kikashuka mahali pasipo na kitu, kikapinda na shingo, kikapita mgongoni, kikazunguka mkia na kurudi tumboni mpaka kwenye miguu, polepole, bila kukosea hata kidogo.

"Mashallah," akasema. "Huyu hapa."

Chumbani hakumrudisha. Kanuni ni kanuni, na malaika wana haki yao. Alimpigilia msumari nje, chini ya ukumbi wa jikoni, mahali ambapo kila anayekuja kuazima chumvi lazima apite.

Maka alikuja, kama kawaida. Alisimama mbele ya picha, akainamisha kichwa. Kwa kuwa alikwishajua siri yake, alicheka. "Miguu hiyo, Fatumo! Na kidoa. Ulisali mbele ya kidoa!"

"Na ndege je?" aliuliza Bi Fatumo.

"Ndege gani? Ni miguu tu na mdomo."

"Huioni shingo yake? Angalia, inakuja hivi. Mbawa hizi hapa, amezikunja. Hapa kifuani manyoya yamening'inia."

Maka alisogea. Akakodoa macho, akayafikicha, akakodoa tena. Kowsar, aliyekuwa kwenye jiko, aliacha kupuliza moto ili asikie vizuri.

"Sioni kitu," alisema Maka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Pole, abaayo," Bi Fatumo akamwambia, akamshika mkono kwa upole na kumkalisha barazani, pale pale alipokuwa akikaa yeye. "Ni ukungu huo, naujua. Lakini usiogope. Jicho halipasuki kama yai."

Maka aliinama, akalivutavuta pindo la dera lake. Chai ilipoletwa ndipo akauliza, bila kumtazama mtu, kama wale madaktari wameshaondoka.